Barua ya wazi kwa Kamati za Bunge: Acheni kuhesabu kadi za wazee, hesabuni dawa

KWA: Waheshimiwa Wenyeviti na Wajumbe,
Kamati za Kudumu za Bunge zinazosimamia Afya, Ustawi wa Jamii, na Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Dodoma.

YAH: MATIBABU BILA MALIPO KWA WAZEE, NA SWALI AMBALO HALIULIZWI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani. Naishi nje kidogo ya jiji la Tanga, upande wa barabara iendayo Muheza, na namtunza baba yangu mzazi, mkata mkonge wa zamani, ambaye kwa hesabu zetu za nyumbani amevuka miaka 80. Barua hii isingekuwa ya wazi kama zile tatu zilizotangulia zingejibiwa. Ya kwanza niliitumbukiza kwenye sanduku la maoni la kituo tunakotibiwa. Ya pili niliipeleka kwa mkono ofisi iliyo juu ya kituo, ikagongwa muhuri wa "IMEPOKELEWA". Ya tatu nikaipeleka juu zaidi, nayo ikagongwa muhuri. Kila nikirudi naambiwa linashughulikiwa, niache namba ya simu. Namba nimeacha mara nne. Nakala zangu ziko kwenye bahasha moja na kadi ya baba.

Kituo sitakitaja, na nina sababu. Nikikitaja, kesho atashuka mkaguzi, muuguzi mmoja ataandikiwa barua ya kujieleza, na dawa hazitakuwepo vilevile. Wale mabinti wa dirisha la dawa hawajaniudhi. Wanatoa kilichopo. Ninaowaandikia ni ninyi, kwa kuwa Ibara ya 63 ya Katiba imelipatia Bunge mamlaka ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma. Mimi sina mamlaka hayo. Nina cherehani na baba mgonjwa.

Naomba niwapeleke kwenye siku moja ya kliniki.

Tunatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baba amevaa shati lake la Idi, na mfukoni ana kadi ya matibabu ya wazee, imetiwa plastiki, ina picha yake. Mlangoni pameandikwa kwamba mzee apishwe kwanza, na kweli anapishwa. Vijana wanasimama, wanasema "Shikamoo babu, pita," naye anaitikia "Marahaba, marahaba" huku akipita taratibu na fimbo yake. Hapo heshima ipo, siwezi kusema uongo. Anapimwa presha, anapimwa sukari, anaonana na daktari, na daktari anamwandikia dawa tatu za mwezi mzima. Hatujatoa hata shilingi.

Kisha tunafika dirisha la dawa. Binti anasoma karatasi, anageuka kutazama rafu, anarudi. Anachukua kalamu na kuandika herufi mbili pembeni ya dawa ya kwanza: OS. Anaandika tena OS pembeni ya dawa ya pili. Kwa wasiozijua, maana yake haipo stoo. "Babu, hizi mbili hatuna, mkanunue duka la nje. Hii moja nakupa ya wiki, na wenzako nao wapate." Baba anasema, "Ahsante mwanangu." Duka la nje, mwendo wa dakika tatu, dawa zote zipo. Siku ile walinitajia shilingi 17,000. Nilikuwa na 6,000. Nikanunua za siku kumi, nikasema nitarudi nikimaliza sare za shule nilizokuwa nashona.

Usiku mmoja baada ya hapo nilimkuta baba amekaa kitandani, kifuniko cha sufuria juu ya mapaja, anakata kidonge cha presha kwa wembe. Kikamvunjikia. Akakusanya ule unga kwa ncha ya kidole, akaulamba. Aliponiona akasema, "Mama, nusu si afadhali kuliko kukosa?" Sikuwa na jibu. Nikaenda uani nikajifanya naanua nguo.

Mwezi wa tatu tangu usiku ule alipata kiharusi. Mkono wa kulia, uliokata mkonge miaka yote ile, sasa hauinui kikombe. Sisemi kwamba nusu kidonge kile ndicho kilichomwangusha, mimi si daktari. Daktari alichonieleza ni kwamba presha inataka dawa kila siku bila kuruka, na isipotulizwa, kiharusi ni moja ya mambo yanayofuata.

Waheshimiwa, mimi nashona huku redio imewashwa, na vipindi vya Bunge navisikiliza. Swali la wazee huulizwa. Huulizwa hivi: je, Serikali ina mpango gani wa kuhakikisha wazee wanatibiwa bure? Jibu linalokuja ni idadi ya wazee waliotambuliwa, idadi ya vitambulisho vilivyotolewa, na madirisha ya wazee yaliyotengwa. Linafuata swali la nyongeza, wanaingia kwenye barabara. Tangu baba aanguke nimekuwa nikilisubiri swali jingine, na sijalisikia: kati ya wazee walioandikiwa dawa mwezi uliopita, wangapi waliondoka nazo?

Hoja zangu ni hizi.

1. Kadi inahesabiwa, dawa haihesabiwi. Kuhesabu kadi ni rahisi, zina namba. Lakini hata dawa zina kumbukumbu. Karatasi ya daktari ipo, rejesta ya dirisha la dawa ipo, na vituo vingi sasa vina kompyuta inayoandika kilichotoka. Zile herufi mbili za OS zinaandikwa kila siku kwa kalamu, na zingejumlishwa mwisho wa mwezi zingewapa picha kamili. Hakuna anayeombwa kuzijumlisha, kwa kuwa hakuna anayeulizwa.

Baba aliwahi kuwa na kadi nyingine. Aliletwa Tanga kutoka Kigoma akiwa kijana, miongoni mwa wale vibarua wa mkataba walioitwa manamba, na kila mfanyakazi wa shamba la mkonge alipewa kipande. Siku uliyomaliza kazi yako iliwekwa alama, na zikitimia siku 30 ulilipwa. Maisha yale yalikuwa magumu, baba hayasifu hata kidogo. Ila anasema kipande kilichojaa hakikuwahi kurudishwa dirishani kwa neno "hakuna". Hilo analisema akiishika kadi ya wazee.

2. Msamaha hauna mlipaji. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, nami nilichelewa kuielewa. Nilieleweshwa na mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi wa kituo, aliyekuja kuchukua suruali yake, akanichorea kwenye daftari langu la vipimo vya wateja.

Tangu uchangiaji wa huduma za afya uanze mwaka 1993, makundi fulani yamesamehewa, na Sera ya Afya ya 2007 inawataja wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Sawa. Lakini kituo kinaendeshwaje? Kinapokea mgao wa Serikali na fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambazo tangu mwaka wa fedha 2017/18 huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kinapata fedha za wagonjwa wa papo kwa papo. Kinapata za bima, na za CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ile iliyoanza kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Kwa fedha hizo kinaagiza dawa Bohari ya Dawa, na zikikosekana huko kinanunua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa, kwa fedha zake kituo.

Sasa aingie mzee. Anatibiwa, anapewa dawa, anaondoka, na hakuna mahali popote kituo kinapopeleka hesabu yake ili kirudishiwe gharama. Tena mzee si mgonjwa wa siku moja. Presha na sukari ni dawa za kila mwezi mpaka mwisho wa maisha. Kituo kinachowahudumia wazee wengi kwa moyo mmoja ndicho kinachomaliza dawa mapema, na ndicho kinachobaki na fedha kidogo ya kununua nyingine. Yule mjumbe akaweka kalamu chini akasema, "Dada, tukiwapa wote zinazotakiwa, Jumatano tumefunga duka." Ndiyo maana baba alipewa dawa ya wiki, na wenzake nao wapate.

Serikali imetoa ahadi, na gharama imeachiwa zahanati. Hakuna muuguzi anayeweza kuliziba pengo hilo kwa lugha nzuri kwa mgonjwa.

3. Mzee mmoja, wizara tatu. Ustawi wa wazee uko Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyoundwa mwanzoni mwa 2022. Miongozo ya tiba na dawa iko Wizara ya Afya, na hospitali za rufaa za mikoa ziko huko pia. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mkimuuliza Waziri wa kwanza kuhusu dawa za wazee, atajibu kuhusu vitambulisho. Wa pili atajibu kuhusu Bohari ya Dawa. Wa tatu atajibu kuhusu majengo. Kila mmoja atakuwa amesema kweli kwa upande wake, na baba yangu atakuwa bado anakata kidonge kwa wembe. Nanyi mmegawanyika vivyo hivyo: kila kamati inamwita Waziri wake, siku yake, chumba chake.

4. Kuthibitisha uzee na ufukara. Kupata ile kadi tulianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaenda kwa mtendaji wa kata, tukaenda kwa afisa ustawi wa jamii, tukaambiwa picha, tukaambiwa turudi. Baba aliulizwa cheti cha kuzaliwa. Akajibu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige. Kijana wa mezani hakujua mwaka wa nzige ni upi, na simlaumu.

Mkoa huu una wazee wengi wa namna hii. Mkonge ulipoingia Pangani mwaka 1893 ulihitaji mikono, na mikono ililetwa kutoka mbali: Kigoma, Rwanda, Burundi, Msumbiji. Bei ilipoporomoka na mashamba yakafa, wengi walibaki kwenye kambi zile zile, hawana ndugu, hawana cheti, hawana pensheni kwa sababu walikuwa vibarua. Sasa mzee wa hivyo anaambiwa alete uthibitisho kuwa ni mzee, kisha alete uthibitisho kuwa hana uwezo. Jirani yetu mmoja alikwama hapo, kwa kuwa anakaa kwenye chumba cha bati alichojengewa na mtoto wa marehemu dada yake. Akaonekana ana uwezo.

5. Nyumbani hakuna anayefika. Baba alipotoka wodini nilionyeshwa mara moja namna ya kumnyoosha mkono na mguu. Mengine nimejifunza mwenyewe: kumgeuza usiku asipate vidonda, kumlisha uji bila kumpalia. Pampasi za watu wazima nanunua, na saa za kumhudumia nazikata kwenye saa za kushona. Nchi ilizindua mwaka 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaotarajiwa kuzidi 137,000 ndani ya miaka mitano. Naomba mmoja wao akanyage uani kwangu na kipimo cha presha.

Najua majibu yatakayokuja, nimeshayasikia kwa ofisi zile tatu.

Mtaambiwa bajeti haitoshi. Mwaka 2001 kule Abuja wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na kila mwaka wa fedha mnayo nafasi ya kuuliza tumefika asilimia ngapi. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na hutenga kwa sababu sheria imeziamuru. Fungu la dawa za wazee nalo liamriwe.

Mtaambiwa Bima ya Afya kwa Wote ndiyo suluhisho. Bunge lilipitisha muswada wake Novemba 2023, nami nilifurahi, kwa sababu bima inajibu hoja yangu ya pili: kituo kinalipwa. Lakini kinalipwa kwa mzee yupi? Sheria inazungumzia wasio na uwezo kulipiwa, na hapo tunarudi kwenye chumba cha bati cha jirani yangu. Ulizeni ni nani atakayemtambua, kwa kigezo gani, na kituo kitasubiri muda gani kurudishiwa fedha yake. Mzee akibadilishiwa kadi ya zamani kwa mpya na bado akaandikiwa OS, tutakuwa tumechapisha plastiki tu.

Mtaambiwa kumpa kila mzee bila kumchuja haiwezekani. Kutoka hapa Tanga, ng'ambo ya mkondo ni Pemba, majahazi yetu yanakwenda na kurudi. Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia, pasipo kumuuliza alifanya kazi gani wala ana bati au makuti. Umri ulitosha. Mzee wa Wete, kule Pemba, anaheshimiwa kwa umri wake. Wa kwetu anadaiwa ushahidi.

Na mtaambiwa wazee ni jukumu la familia. Sisi familia tupo. Tunabeba, tunaogesha, tunakesha. Hatuwezi kutengeneza vidonge.

Kuna jambo moja la kisheria naomba mlitazame kwa uzito wake. Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Baba yangu ana vyote vitatu. Lakini Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama. Maana yake siwezi kwenda kwa hakimu. Haki hiyo haina mlango mwingine wa kuugonga isipokuwa wenu. Ninyi mkiuliza swali jepesi, hakuna mwingine wa kuuliza lile zito.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza kabisa, wizara ziagizwe kukusanya takwimu za kila kituo kila robo mwaka, ziletwe mezani kwenu na kuwekwa wazi kwa wananchi: wazee wangapi waliandikiwa dawa, wangapi walipata zote, wangapi walipata pungufu, wangapi walitoka mikono mitupu, na ni dawa zipi zilikosekana. Pili, msamaha wa wazee uwekewe fungu lake kwenye bajeti, na kila kituo kirudishiwe gharama ya mzee kiliyemhudumia. Fungu hili lianze Julai 1, mwaka mpya wa fedha ukianza, hata kama bima bado haijamfikia kila mzee, maana presha haisubiri utaratibu kukamilika. Tatu, kamati zenu zikae kikao kimoja cha pamoja, mawaziri watatu wakae meza moja, wajibu swali moja. Kitambulisho cha Taifa kinachoonyesha miaka 60 kitoshe, na kwa asiye na karatasi, baraza la wazee la mtaa lisikilizwe. Mzee mwenye presha au sukari asipewe dawa ya wiki. Apewe ya mwezi, na ikiwezekana ya miezi miwili, kwa sababu nauli nayo ni dawa. Na mumwombe Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali afanye ukaguzi wa ufanisi wa msamaha huu nchi nzima, ili isije ikasemwa ni malalamiko ya fundi cherehani mmoja wa Tanga.

La mwisho ni mwaliko. Kamati hufanya ziara, na katika ziara mnaonyeshwa jengo jipya, mnakata utepe, mnapiga picha. Mkija huku kwetu, njooni siku ya kliniki ya presha na sukari, msitangulize taarifa. Pitani moja kwa moja hadi dirisha la dawa, mkae kwenye benchi na wazee kuanzia saa mbili hadi saa sita. Waombeni wawaonyeshe karatasi zao wanapotoka. Baba yangu atakuwepo, nitamleta kwa bajaji. Anaitikia shikamoo vizuri bado, ingawa ulimi umekuwa mzito.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi cherehani, binti wa mkata mkonge,
Tanga.